Jiwe la Ndiyo, Kisiju Mpya

Wa kwanza kulishika alikuwa Mzee Pazi, na jiwe halikuwaka.

Daktari Nansubuga alimtazama mzee, akalitazama jiwe, akalifuta kwa pindo la koti lake jeupe. Akauliza tena, kwa kile Kiswahili chake alichojifunzia vitabuni huko kwao Kampala, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi.

"Mzee wangu, je, unakubali kwa hiari yako mwenyewe kupandikizwa mbegu machoni?"

"Ndiyo, mwanangu. Kabisa! Kwa nini nisikubali?"

Jiwe likabaki vile vile, rangi ya majivu.

Akaja Hidaya mama pacha, akasema ndiyo tena kwa kuinama kidogo. Majivu. Akaja fundi Mwinyimvua, akasema ndiyo mara mbili ili kumfurahisha daktari. Majivu. Foleni nzima ya watu wenye macho mabovu ikapita pale kwenye kibaraza cha nyumba ya baraza, kila mmoja na ndiyo yake tamu, na jiwe limenuna tu.

Lilikuwa na ukubwa wa yai la bata, laini, na ukilishika unahisi linakuhisi. Daktari alitueleza kuwa ndani yake kuna vitu vinavyosikiliza jasho la kiganja, mapigo ya mshipa na mtetemo wa sauti. Jibu likitoka kwako mwenyewe, liwe ndiyo au liwe hapana, linawaka kijani. Likitoka kwenye woga, au njaa, au popote pengine pasipo pako, linabaki majivu.

Sheria ya jiwe ilikuja baada ya ile miaka bahari ilipopanda ikameza vijiji vyetu, tukatapakaa makambini. Wakati ule kila aliyekuwa na sindano alikuja kuijaribu kwetu. Na mtu asiye na kwake, jamani, ana ndiyo nyingi. Tulitobolewa, tukapimwa, tukapigwa picha mpaka za mifupa, na majibu hatukuletewa hadi leo. Ndipo ikaamriwa kwamba pasipo kijani hakuna utafiti kwenye makazi ya waliohamishwa, na kila makazi yawe na baraza lake la kusimamia, wahamiaji na wenyeji pamoja. Hapa Kisiju Mpya, katikati ya Unyamwezi, baraza letu lilikuwa la watu watatu. Mimi Sikudhani ndiye mwenyekiti, japo shule niliiacha darasa la tatu. Wa pili Mzee Pazi. Wa tatu, kwa upande wa wenyeji wetu Wanyamwezi, ni Bibi Nyanzobe, ambaye siku hiyo hakufika kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na uyoga umeota.

Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa wifi yangu Asumini, dada wa marehemu mume wangu. Ukungu wa macho ulimwanza mwaka ule ule wa maji ya chumvi, ukakaza taratibu. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Akimimina chai anaingiza kidole kikombeni kujua imefika wapi, kisha anapiga kelele kama mtu aliyeonewa.

Alilipokea jiwe, akaliinua hadi puani, akalinusa.

"Unakubali, mama?" daktari akauliza.

"Ndiyo, mwanangu. Mungu akubariki."

Mimi nililikodolea lile jiwe mpaka machozi yakanitoka. Majivu.

*

Mchana tuliketi ndani, sisi watu wa baraza na daktari, na kile kisanduku chake cha baridi katikati yetu kikinguruma kama paka aliyeshiba. Humo ndimo zilimokuwa mbegu. Zilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi, na zilikuwa hai. Zikishapandwa nyuma ya mboni hutambaa polepole zikiula ule ukungu, na zikimaliza hufa zenyewe. Daktari hakutuficha kitu. Alisema kwa waliotangulia kupandikizwa wengi wameona, wachache hawakuona, na mmoja jicho limeharibika kabisa. Na alisema nje ya maabara mbegu haziishi zaidi ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Wakubwa wangu wameniandikia," alisema, bila kuinua macho. "Wanasema jiwe linaweza kulegezwa. Lisiwe kali sana. Likilegezwa, watu wote wa leo watakuwa kijani."

"Wameandika hayo wakiwa wapi?" Mzee Pazi akauliza.

"Ofisini."

"Ahaa. Ofisini."

"Lakini baraza lenu lazima liridhie kwanza. Mwenyekiti alishike na aseme kwamba mmekubali."

Pazi alikuwa anakohoa kohoa, kile kikohozi chake cha kujiandaa na hotuba. Sikumngoja. Nilimwona Asumini na kidole chake ndani ya chai ya moto, nikaliokota jiwe pale juu ya sanduku.

"Baraza limekubali," nikasema.

Nadhani mnajua lilivyofanya. Pazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenyekiti! Hata wewe? Jiwe limekuchongea!"

"Acha ujinga, Pazi. Lina kasoro."

"Halina. Umesema kwa macho ya wifi yako, hukusema kwa baraza." Alipoacha kucheka, uso wake ukawa mwingine. "Sikiliza, Bi Sikudhani. Likilegezwa hapa, wiki ijayo watalegeza na kwa wale wa Rufiji walioko Urambo. Mwaka ujao watatuletea jiwe linalowaka hata ukilishikisha mbuzi. Kwenye jambo hili, kaa pembeni."

Nilitaka kumjibu jibu la kumkata maini. Nikalirudisha jiwe juu ya sanduku, nikahamisha kigoda changu mlangoni.

Daktari alikuwa amejishika kichwa. "Mimi sikutaka kulilegeza," akasema. "Lakini sielewi. Mnanipikia, mnanichekea, watoto wananiletea matunda pori. Kumbe mnaniogopa?"

"Tukuogope kwa lipi?" Pazi akasema. "Unavyokula mlenda kama mtu anayemeza vidonge!"

"Basi ni nini?"

Hapo nikamsaidia, maana kukaa pembeni si kufungwa mdomo. "Mwanangu, wewe ni mgeni. Kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Tunamwambia ndiyo, halafu siku yenyewe ikifika tunasafiri. Ungekuja kutuomba pua, tungekupa ndiyo zote, na asubuhi ungekuta nyumba zimefungwa."

Aliinua kichwa. "Kwa hiyo wale wote leo…"

"Wana adabu."

"Na kama kuna mmoja anayetaka kweli?"

"Hata mwenyewe hajui. Adabu imetangulia mbele, imefunga mlango."

*

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa bado tunazunguka hapo hapo, chai ikitupolea mikononi, ndipo tuliposikia sauti uani.

"Hodi humu! Enyi watu mliofukuzwa na maji! Mmeamka, au mnangoja bahari ije kuwaamsha?"

Alikuwa Bibi Nyanzobe, ndoo ya uyoga kichwani, miguu ina tope hadi magotini. Pazi hakumpa hata salamu.

"Mpagazi amefika. Mzigo weka pale pembeni, ujira kadai kwa babu yako."

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi kwenu, akawakuta babu zako wamelala kivulini wanangoja ngoma. Na nyie mmerithi. Nazi zimezama, limebaki domo. Inuka hapo, nataka kukaa."

"Siinuki."

"Basi nunua uyoga."

"Sitaki uyoga wako, una mchanga kama meno ya shangazi yako."

Daktari Nansubuga alikuwa amesimama, mikono mbele, kama anayetaka kuamua ugomvi. "Tafadhalini, wazee wangu, tafadhalini…" Kisha akashusha mikono. Alikuwa anauangalia mkono wa Pazi.

Pazi ana tabia ya kuchezea chochote kilicho karibu naye, na asubuhi ile alichokuwa anachezea ni lile jiwe. Lilikuwa limewaka kijani kibichi kama jani la mgomba, linameremeta kati ya vidole vyake vikavu.

"Umesema nini?" daktari akanong'ona. "Rudia."

"Nimesema sitaki uyoga wake."

Kijani kikazidi.

Ilibidi nimweleze, maana alidhani jiwe limeharibika. Nikamwambia sisi Wazaramo na hawa Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wao walikuja kwetu na mizigo, wengine wakafia kwetu, tukawazika. Sisi tulipanda nao kuja huku, wengine tukafia kwao, wakatuzika. Watu waliozikana hawaoneani haya. Mtani anaweza kukumwagia unga, kukuficha kiatu, kukutukania pua msibani, na huruhusiwi kukasirika. Na kwa mtani, hapana haina uzito wowote. Unaitoa kama unavyopiga chafya.

"Tangu tumehamia hapa," nikasema, "sijamsikia Mzaramo akimpa Nyanzobe ndiyo asiyoitaka."

"Wala mimi siitaki," Nyanzobe akasema. "Itaninunulia nini?"

Daktari aliketi polepole. "Na mimi je? Naweza kuwa mtani?"

"Kwenu hatujawahi kuzikana," Pazi akajibu. "Hakuna njia."

"Njia ipo," Nyanzobe akasema, akitua ndoo. Alimzunguka daktari, akamshika bega, akamminya mkono kama anayechagua kuku. "Mwembamba. Lakini nilimwona Jumatatu akishuka na sanduku lake mwenyewe, amekataa kubebewa. Mbeba mzigo ni wetu. Nipeni mimi. Mwanangu wa kike alikufa mdogo, jina lake liko tu, halina mtu. Awe Kalunde. Akishakuwa wangu, ni mtani wenu, mtajuana wenyewe."

Daktari aliruka kwa furaha. "Nimekubali!"

"Taratibu," nikamwambia. "Hii si nguo ya kuvaa leo ukavua Ijumaa. Mtani ana kazi. Tukifiwa hapa, utakuja, hata ukiwa kwenu, ushike jembe, utuchekeshe tukilia. Jicho la mtu likiharibika kwa mbegu zako, hutatuandikia barua. Utakuja ukae kwenye mkeka wake akutukane mpaka achoke. Na jina hilo ni la marehemu. Mama huyu amekupa kitu."

Furaha ilimtoka usoni, na ilichukua muda kurudi. Aliangalia kile kisanduku, akamwangalia Nyanzobe aliyekuwa sasa anajifanya kuokota majani kwenye uyoga wake.

Pazi akamnyooshea jiwe. "Shika na wewe. Kila siku sisi tu."

Alilishika kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Nitakuja."

Kijani.

Na kabla hajapumua, Pazi alikuwa ameshachota unga wa muhogo kwenye ungo wangu akamwagia kichwani. "Karibu, Kalunde mpagazi! Sasa umependeza, jana ulikuwa mweusi mno kwa koti hilo!"

*

Habari ilienda mitaani kwa kasi kuliko moto wa kiangazi. Mchana foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumatano, na nusu ya waliopanga hawakuwa na ugonjwa wowote wa macho, walikuja kumtania daktari. Mimi nilikaa pembeni, kama nilivyoambiwa, nikichambua uyoga.

Hidaya mama pacha alikuwa wa kwanza. Alipokea jiwe kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akavuta kiatu cha daktari.

"Unakubali, dada?"

"Hapana! Na kiatu sirudishi!"

Kijani.

Fundi Mwinyimvua: "Hapana, Kalunde. Mimi na wewe jicho hatugawani." Kijani. Mzee Pazi mwenyewe: "Hapana, na urudi kwenu ukajifunze kula mlenda." Kijani tena. Jiwe lilikuwa linawaka mfululizo kama taa za harusi, na kila likiwaka daktari anapungua kidogo pale kwenye kiti. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

Akafika Asumini na fimbo yake. Uyoga ukanidondoka.

"Wewe mtoto wa Nyanzobe," Asumini akasema, "una harufu ya uvivu. Nipe hilo jiwe."

"Unakubali, mama?"

"Hapana."

Kijani, kijani kile kile kama cha wengine. Nilisimama.

"Asumini! Unasemaje wewe?"

"Pembeni, Mwenyekiti," Pazi akasema.

"Pembeni ya nini? Wifi, utakufa hujamwona hata kitukuu wako!"

Asumini aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Ulitaka nijibu mimi, au nikujibie wewe? Jana nilisema ndiyo kwa ajili ya huyu mgeni na kwa ajili yako. Nililala vibaya. Macho nayataka, nani hayataki? Lakini ile karatasi ya masharti tuliyosomewa ilisema tukishapandikizwa tunapakiwa kwenye basi, tunapelekwa mjini miezi mitatu, tuangaliwe. Mimi nilipandishwa gari mara moja, Sikudhani. Waliniambia miezi mitatu. Nyumba yangu sijaiona tena. Sipandi gari lingine, hata kama huko mwisho wake kuna macho kumi."

Kisha Hidaya, kiatu mkononi, akasema, "Hata mimi ni gari."

"Ni gari," fundi akasema.

"Gari," Pazi akasema, akijikuna kidevu. "Mlenda nilitia chumvi tu."

Daktari aliwaangalia mmoja mmoja. "Ni gari? Siyo mbegu? Mbona jana hamkuniambia?"

"Jana ulikuwa mgeni!" watu wakajibu kwa pamoja, wakacheka.

Alitoka mbio na kiatu kimoja hadi juu ya kile kichuguu ambako simu hushika vizuri. Tulimwona kwa mbali akiongea na wakubwa wake, anapunga mkono, anazunguka, anaingia Kiingereza anatokea Kiganda. Nyanzobe alisimama kando akimwangalia kwa majivuno. "Mnaona? Wangu huyo. Angalia anavyofoka."

Nasi tulingoja. Sitaki kusema uongo, niliomba Mungu. Kisanduku kilikuwa kinanguruma pale mezani, na ndani yake mbegu zilikuwa zinazeeka.

Aliporudi alikuwa anahema. "Kuna sheria," akasema. "Hapana ya kijani ikiwa na sababu, sababu hiyo lazima isikilizwe kabla ya utafiti kufungwa. Hawakuwahi kuitumia, maana hakuna aliyewahi kuwaletea hapana. Wamekubali. Hakuna gari. Mimi ndiye nitakayebaki, miezi yote mitatu, na vifaa vitaletwa hapa. Wanasema nimerukwa na akili."

"Utalala wapi?" Asumini akauliza.

"Kwa mama." Akamwelekezea Nyanzobe kidole.

"Kwangu kunavuja," Nyanzobe akasema. "Lakini ndiyo."

Wakaulizwa upya, mmoja mmoja, siku hiyo na asubuhi ya Ijumaa. Hidaya akasema ndiyo, kijani. Fundi Mwinyimvua alisema hapana tena, kijani, kwamba anapenda dunia ikiwa na ukungu kidogo, mke wake anaonekana mzuri zaidi. Mkewe akampiga kofi la mgongo. Hakuna aliyembembeleza. Wengine waliweka masharti. Mmoja alitaka majibu yasomwe kwa sauti hapa hapa barazani kabla hayajaenda popote, na Pazi akalifanya hilo sharti la watu wote.

Asumini alijifanya ana kazi mpaka akabaki peke yake. Alikuja akaketi mbele ya daktari, fimbo katikati ya magoti.

"Sasa, mama? Unakubali?"

"Ndiyo. Jicho moja."

Jiwe likawaka pale pale.

"Moja?" nikaropoka kutoka pembeni kwangu. "Mbegu zipo, za macho yote! Kesho zimekufa!"

"La kushoto. Mbegu za lile la kulia mpe Hidaya au mtu mwingine. Mtoto wa Nyanzobe mwenyewe amesema kuna mtu jicho lilioza. Langu likioza, nibaki na vivuli vyangu, nimeshavizoea." Kisha akanyoosha shingo upande wangu, na nikamwona anacheka. "Na tena, wifi, macho yote mawili yakipona utaanza kunituma kuni."

Watu wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na Pazi naye ananitazama, na Nyanzobe ameacha kutafuna.

Nilitaka yote mawili. Lakini aliyeulizwa hakuwa mimi.

"La kushoto," nikamwambia daktari. "Fungua sanduku, Kalunde, mbegu zinangoja. Na nawa kwanza huo unga waliokumwagia tena asubuhi."